Chokaa ya Kupokea Wageni

Tingatinga lilikuwa limeegeshwa nyuma ya landhi, ile safu ndefu ya vyumba vya mawe, tangu Jumatatu. Dereva wake, mtu mpole, alinunua maandazi kwa Mbeti kila asubuhi bila kumtazama usoni.

Ilani ya kubomoa ilibandikwa mapema mwaka huo wa 1983. Halafu akaja Gichuru, karani wa serikali, akawaambia watu wa mtaa ule wa mawe karibu na Soko la Burma kwamba kuna wataalamu wanaotafuta mitaa ya zamani iingizwe katika urithi wa dunia.

"Wakiona nyumba zinafaa, hakuna atakayezigusa."

Mbeti alizalia watoto wake wote katika chumba chake cha landhi, na mumewe alifia humo humo. Hakuwa na kwingine kwa kwenda.

"Mama Kavata, mgeni wa dunia nzima apokewe na ukuta wa masizi?" jirani yake Warigia alimuuliza Mbeti. "Hata akija kasisi tu, tunapiga deki."

"Watadhani tunaishi kama popo," akadakia fundi Bedan, tayari anakoroga simenti.

Wakacheka, wakachanga, wakaanza kazi. Mawe yalipigwa plasta. Madirisha ya mbao yaling'olewa, yakawekwa ya chuma. Mbeti mwenyewe alipaka chokaa mlango hadi mlango, mpaka landhi ikang'aa kama sanda.

Wataalamu walifika Ijumaa, wakakaribishwa chai. Mama mmoja mzee mwenye kamera alipitisha kiganja ukutani, kikarudi cheupe. Nyuma yake Gichuru alisimama kama mtu aliyefiwa.

"Mawe yako wapi?" mama yule aliuliza.

"Tumeyafunika vizuri," Warigia akajibu.

"Na madirisha ya zamani?"

"Ndiyo yaliyopika hiyo chai."

Mama yule akafunika kamera bila kupiga hata picha moja. Alimaliza chai yake yote, akashukuru kwa sauti ya chini. Upole ule ulimtia Mbeti baridi.

Wiki iliyofuata mtu alikuja na mkebe wa rangi nyekundu, akawa anachora alama ya X kwenye kila mlango.

"Hiyo ndiyo ya urithi?" Warigia akauliza. "Basi iweke katikati, usinichafulie chokaa."

Yule mtu akaiweka katikati.

Mbeti akamsogelea. "Baba, inamaanisha nini?"

"Mimi napaka tu, mama." Akachovya brashi. "Lakini ningekuwa wewe, ningetoa kitanda leo."

Mbeti aliingia ndani, akaanza kukunja godoro. Nje, Warigia alikuwa bado anawaita majirani waje waone alama yake ilivyonyooka.