Kiswichi cha Mkiani

Tik. Kisauti kidogo tu, gizani, upande wa sebuleni, hata hakujapambazuka. Nikatega sikio. Kimya. Halafu miguu midogo ikaja kwa kunyata, na binti yangu wa miaka mitano akajipenyeza tena ndani ya shuka, ananukia peremende.

"Lala, mama," nikamwambia, nikamkumbatia. Sikuuliza kitu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye helikopta.

Helikopta ilikuwa ya bosi wa karakana ya ndege za rimoti, anakofanya kazi shemeji yangu. Huyo ni kaka wa mume wangu. Ndiye aliyetupa chumba nyumbani kwake tangu mume wangu aende mbali kutafuta kazi. Bosi alisikia kwamba nasoma umeme jioni, akanipa mtihani: "Ifungie jairo. Mkia ukitulia angani, Jumatatu unaanza kazi."

Shemeji alicheka hadi akashika mbavu. "Hata pasi inakushinda, leo mkia wa helikopta?"

Jairo ni kidude kama kiberiti. Kinahisi mkia unapoyumba, kinaurudisha. Nilikibandika kwa gundi ya sponji, mbali na mota, nyaya nikaziachia ulegevu zisikivute. Nikawasha, nikabana pumzi hadi taa ikaacha kupepesa, maana kikitikiswa kabla ya hapo kinapoteza mwelekeo. Kisha nikazungusha pua kulia kwa mkono. Mapanga ya mkia yakajipinda kuirudisha kushoto. Safi! Ubavuni kina kiswichi kama punje ya mchele. Kikigeuzwa, jairo inausukuma mkia kulekule unakokimbilia.

"Hiki, mama, hakiguswi," nilimwonyesha binti yangu jioni ile, kabla ya kuiacha helikopta sebuleni. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

Asubuhi, nyuma ya karakana, binti yangu akiwa kando na peremende mdomoni, niliwasha, taa ikatulia. Nikanyoosha mkono nijaribu pua tena.

"Aa, shemeji! Unairusha au unaiogesha?" Mafundi wakaangua kicheko. "Bosi ana kazi zake. Kama hujiamini, sema."

Nikaona haya, nikaurudisha mkono. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali.

Iliinuka kimo cha goti. Mkia ukatikisika, mara ikazunguka kama pia, ikajibamiza chini. Panga moja likaruka likagonga ukuta.

"Bosi, si nilikwambia?" Shemeji hakungoja hata vumbi litue. "Mpe ufagio. Ufagio hauna jairo."

Wakacheka tena. Bosi hakucheka. Alitoa funguo za gari. "Pole, binti. Labda mwakani."

Nikapiga magoti kuokota vipande. Kiswichi kilikuwa kimegeuzwa upande wa pili.

"Nani amegusa hapa?"

"Ameanza kusingizia watu," shemeji akasema. "Naapa, mkono wangu haujaugusa mdude wako." Akamfinya binti yangu begani, akitabasamu. "Mwambie mama yako aache kulia, anatutia aibu."

Bosi alikuwa keshafungua mlango wa gari, mguu mmoja ndani.

Binti yangu alitazama vipande mikononi mwangu. Akatoa peremende mdomoni, akaishika kiganjani, akapaza sauti:

"Baba mkubwa alinipa peremende ili nigeuze kile kiswichi."