Ua Jekundu la Mdogo Mtu

Mchora tatuu alikuwa hoi bin taabani hata kabla mteja wa kwanza hajaingia. Mgongo unamuuma, vidole vimekufa ganzi kwa mtetemo wa mashine, na kwenye benchi kakaa mdogo wake, kavaa shati la mikono mirefu na jua lote lile. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi.

Akamwambia apandishe mkono wa shati. Walipomzika mama yao, dada mtu alichora ua la aina moja mikononi mwao wote wawili, kwa wino uleule. Lake lilipona vizuri: lilibambuka, likapauka, kisha rangi ikarudi. La mdogo mtu, shina jeusi lilikuwa laini, majani ya kijani hayana neno, ila ua lenyewe limevimba, gumu, limefanya magamba kama uji uliokaukia sufuriani. Wino mwekundu ndio mkorofi wa rangi zote. Unaweza kutulia miezi, kisha ngozi ikaukataa.

Ndiyo maana kila anayetaka nyekundu humtia kwanza nukta moja begani, akamrudisha nyumbani asubiri. Wateja humnunia, naye huwaacha wanune. Mdogo wake hakumtia nukta. Alijiambia damu yao ni moja, ngozi yake ikikubali na ya nduguye itakubali. Mganga hajigangi, na huyu kashindwa hata kumganga nduguye.

Mdogo mtu alitaka afunikiwe kwa wino mweusi, yaishe. Dada akakataa, kuongeza wino hapo ni kutia mafuta motoni. Wa kumsaidia ni daktari wa ngozi tu, na huenda wekundu wote ukaondolewa.

"Basi nitabaki na shina."

"Utabaki na mkono. Limeanza kuwasha lini?"

"Tangu wiki za mwanzo, dada."

"Na ukanyamaza?"

Mdogo mtu akashusha mkono wa shati. "Kila nikija nakukuta umechoka, hujiwezi. Nikaona nisikuongezee mzigo."

Dada akavua glavu. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona. Akamwomba radhi mteja aliyekuwa mlangoni, akafunga duka, wakashika njia kwenda kwa daktari.

Njiani mdogo mtu akamuuliza kama amechoka. Akasema hapana, na ulikuwa uongo.