Yule Aliyekimbilia Japani

…au Dakta Kagendo aseme kalamu yake imekwisha wino, lakini Désiré atatoa yake mfukoni, mwaka wa tatu sasa kijana huyu hajawahi kuja darasani bila kalamu, na leo amesimama mbele ya meza yake na shati lililopigwa pasi, anangoja mwalimu wake atie sahihi fomu ya kuacha chuo, basi linaondoka Jumamosi, amesema, mpaka Lusaka, halafu Lubumbashi, vita vimerudi Kongo na wakimbizi wenzake wa mtaa wa Albert Park wamekwisha kujiandikisha jeshini, anayasema kwa upole kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda matangani… “Madame, iko tu sahihi moja. Ni wewe ulitufundishaka ile ya Wachina, kama nafsi si kitu, nani ataogopa kufa?”… eeh, alifundisha, tena alifundisha vizuri, hapo ndipo panapomchoma, alisimama ubaoni mwezi wa tano akaeleza jinsi wasomi wa China, nchi yao ikigawanywa na wageni kama nyama buchani, walivyochukua mafundisho ya Buddha kulijenga taifa, mtu akishajua kwamba “mimi” ni kivuli tu, hatajibakizia kitu, atajitoa kwa ajili ya wote, darasa likawa kimya, na yeye, Mungu amsamehe, akakifurahia kile kimya… Désiré anasema jambo kuhusu mama yake aliye Bukavu, simu hazipiti, teksi zinapiga honi huko chini kwenye robot, zile taa za barabarani, maneno mengine yanapotea… marafiki wawili kati ya wasomi hao, hilo hakulisema darasani, serikali ilipowageuka mwaka 1898, miaka mia kamili mwezi huu, mmoja alikataa kukimbia akakatwa kichwa hadharani, mwenzake akapanda meli kwenda Japani, na huko akaandika makala matamu juu ya imani inayomwondolea mtu woga, kwa hiyo tunasoma ujasiri kwa mkono wa nani, wa yule aliyeondoka, na Jairus, jamani, Jairus rafiki yake wa chuo, pale kantini Nairobi, karatasi za mkutano uliopigwa marufuku ndani ya gazeti, akimwuliza utakuja Alhamisi, naye akajibu nitakuja, viza ikiwa tayari ndani ya mkoba, Jumatano akapanda ndege, Alhamisi wakamkamata Jairus, alipotoka gerezani miaka minne baadaye mikono ilitetemeka hata vifungo vya shati akafungwa na dada yake, na mwaka huohuo yeye alichapisha makala, kuhusu nini, kuhusu ujasiri… asipotia sahihi kijana ataondoka vilevile, akitia ataondoka na baraka zake, na miaka yote amedhani hofu yake ni kuulizwa swali asilojua jibu lake, kumbe ni kuulizwa hili, ambalo jibu analijua… “Madame?”… anaweka kalamu chini.

“Aliyeyaandika yale ya Wachina alikimbia, Désiré,” anasema, na sauti si ile ya darasani. “Mimi pia.”

Fomu iko palepale mezani bila sahihi, na kijana bado amesimama.