Kidevu cha Twiga

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane, asubuhi, mbele ya twiga wa mbao. Waliokuwa kwenye foleni wote ni mashahidi, na baadhi yao walikuwa na simu mkononi.

Twiga huyo amesimamishwa kwenye lango la Nyoka. Nyoka ni ile treni ndogo ya bustani ya michezo, inayokwea kilima cha chuma polepole kama mzee mwenye goti bovu, halafu inaporomoka watu wakipiga mayowe. Twiga ameinamisha shingo. Mtoto husimama chini yake. Kichwa kikigusa kidevu, anapanda. Kisipogusa, anaambiwa akakue kwanza. Ndiyo sheria ya wakubwa wa pale, na wakubwa ni walewale kila mahali. Hata hospitali ni wakubwa waliomwambia mke wangu arudi Jumatatu, eti daktari yuko mkutanoni. Jumatatu haikumkuta.

Siku moja kabla ya kuumwa alikuwa akipita nje ya uzio wa bustani ile na watoto, binti yetu akang'ang'ania kuingia. Mama yake akamwambia, "Ukifika kidevu cha twiga, Kisoda wangu, utapanda mpaka uniombe tushuke." Kisoda ndilo jina alilompa kwa ufupi wake. Mdogo wake wa kiume tunamwita Mlingoti. Kisoda ana miaka minane, Mlingoti saba, na Mlingoti alishampita dada yake zamani. Mgeni akija nyumbani humsalimia Mlingoti kwanza, akidhani ndiye mkubwa. Kisoda hucheka. Mimi baba yake, kicheko hicho nakijua.

Likizo ilipokaribia nikaamua, liwalo na liwe, twende. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye watoto humwita mama mdogo, akasema hatatuacha twende peke yetu. Ni fundi cherehani, na ulimi wake na sindano yake ni ndugu.

"Shemeji, safari na watoto si kubeba begi na kutoka," akaniambia. "Kofia umefikiria? Maji? Nguo za kubadilisha? Mlingoti akizungushwa kidogo tu anatapika."

"Atatapikia hukohuko, bustani ni yao."

"Na huyu mfupi wetu? Umeuliza kama wanampokea?"

 Kesho yake nilifunga kibanda changu mapema (mimi ni fundi viatu) nikaenda bustanini peke yangu. Nikasimama kando ya twiga kama mtu anayemsubiri mwenzake. Kidevu kilinigusa kwenye kifungo cha nne cha shati. Nikatazama watoto wanavyopimwa: wanasimama na viatu vyao, wanapita. Nikarudi nyumbani na shati lilelile, nikamwita Kisoda aje nimkumbatie. Kichwa chake kikaishia chini ya kile kifungo, upana wa vidole vitatu.

Vidole vitatu tu! Kwa vidole vitatu abaki chini akimpungia mkono mdogo wake?

Mwingine angemwambia mtoto ukweli. Mimi nilimwambia, "Ukimaliza mboga zako na kulala mapema, siku ya safari utakuwa umefika." Halafu nikamshonea buti nyeusi za kufunga kamba. Kila baada ya siku chache nilizibeba kibandani, eti nazipaka rangi, nikaongeza pande moja jembamba la ngozi, mara ndani chini ya kisigino, mara nje kwenye soli. Zikirudi, namsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, palepale mama yake alipowahi kumpima, nachora mstari kwa penseli.

"Nimekua, baba?"

"Geuka uone mwenyewe."

Mtoto aliyekuwa akificha mboga za majani chini ya sahani akaanza kuomba aongezewe. Alikwenda kulala jua bado linachungulia dirishani. Akamtangazia jirani, akamtangazia muuza maziwa. Mlingoti peke yake ndiye aliyesema, tukiwa mezani, "Lakini akivua viatu ananifika hapa," akagusa sikio lake. Nilimkaripia mpaka kijiko kikamdondoka. Nikamwambia wivu ni tabia mbaya. Mtoto kasema kweli, nikamwita mwenye wivu.

Mama mdogo akaja kulipima gauni la safari. Akapiga magoti mbele ya Kisoda, akaliangalia pindo, kisha akaniangalia mimi.

"Shemeji, huyu ndiye mnasema amekua?"

"Mistari si unaiona?"

"Mistari naiona. Ila mtoto akikua, gauni hupanda. Hili liko palepale kwenye goti nilipoliacha."

"Wewe shona. Mambo ya urefu niachie mimi."

Akatoa pini mdomoni. "Haya. Njia ya mwongo ni fupi, na mfupi wa humu ndani si wewe. Usije ukamwachia yeye aitembee."

Nilijifanya sikusikia. Nilijiambia kwamba tangu dada yake afe, huyu amejipa ukubwa.

Siku ikawadia. Kofia zilikuwepo, maji yalikuwepo, hata nguo za kubadilisha. Kisoda alinishika mkono njia nzima akirukaruka, buti zikigonga chini ko, ko, ko. Tulipolikaribia lango nikapunguza mwendo. Kila mtoto alikuwa anavua viatu.

"Tuanze na bembea," nikasema. "Foleni hii haifai."

"Baba! Si tumeshafika mbele!"

Mama mdogo alikuwa akitazama kofia yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Mlingoti akavua, akasimama, kichwa kikagonga kidevu cha twiga, watu wakacheka. Kisoda akakaa chini afungue kamba. Hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa anajua, angesitasita. Alizivua haraka, akazipanga kando kwa adabu, akasimama chini ya twiga amenyoosha shingo na kufumba macho, akisubiri kuguswa.

Hakikumgusa kitu.

Akajiinua kwa vidole vya miguu. Mwanamke wa langoni akamwekea mkono begani, akamshusha taratibu. "Bado kidogo, mwanangu."

Kisoda akafumbua macho, akanigeukia.

"Baba, nimepungua?"

Mtu nyuma yangu akaangua kicheko. Hapo nikaona afadhali hasira kuliko aibu, nikaishika hasira.

"Wakubwa wenu wako wapi?" nikafoka. "Nilikuja hapa majuzi, watoto wanapimwa na viatu vyao! Mnageuza sheria mnavyotaka, mnapima watoto wa watu kama mbao! Niitieni mkubwa!"

Mkubwa akaja. Alikuwa mama mtu mzima mwenye kofia ya ukindu, wala hakufanana na maneno niliyokuwa nimemwandalia.  Aliinama akaokota buti moja, akashangaa uzito wake, akaingiza mkono ndani. Akaanza kutoa mapande yangu, moja baada ya jingine, akiyapanga juu ya uzio kama anayemenya kitunguu. Yaliyogundishwa kwenye soli aliyapapasa tu kwa kidole gumba.

"Nani kazitengeneza hizi?"

"Sijui," nikasema. "Nilizinunua sokoni."

"Siyo, baba!" Kisoda akadakia kwa sauti ya kunisaidia, akidhani nimesahau. "Si umezishona wewe?" Akamgeukia yule mama. "Baba yangu ni fundi. Hakuna anayemshinda kwa viatu."

Nimewahi kutukanwa kibandani na wateja. Nimewahi kufukuzwa na askari wa manispaa, viatu vya watu vikatupwa mtaroni. Sijawahi kuumia kama siku ile niliposifiwa. Nikatafuta pa kuuweka uso, nisipaone.

Yule mama akanivuta pembeni, na hilo namshukuru. Akanionyesha kile chuma kinachoshuka kifuani mwa abiria kwenye kiti cha treni.

"Twiga hatukumweka kuwaonea wafupi, baba," akasema, polepole kama anayezungumza na mgonjwa. "Mtoto asiyefika pale, chuma hiki hakimshiki. Kwenye ile kona ya juu angechomoka. Na viatu tumeanza kuvivua wiki hii, baada ya mzazi mmoja kumjazia mwanawe matambara."

Nilikuwa na la kumwambia kuhusu wakubwa. Lilikuwa tayari mdomoni, lile la daktari na mkutano. Nikatazama kile chuma, nikaitazama ile kona ya juu. Likabaki hukohuko mdomoni. Bado nasema wangebandika tangazo nje, barabarani, mtu alione kabla hajafika. Lakini pale sikulisema.

Mlingoti alipanda na mama mdogo. Mimi na Kisoda tukakaa kwenye benchi, buti zikiwa katikati yetu. Nilimnunulia aiskrimu, ikamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Hakulia. Kila Nyoka alipopita juu yetu, aliinua ule mkono mwingine akampungia mdogo wake.

Buti hakuzivaa tena. Nilipojaribu kumvalisha aliirudisha miguu chini ya benchi. Nikataka nimbebe, akakataa. Akarudi nyumbani na soksi.

Tulipofika, mama mdogo akaingia jikoni kufua shati la Mlingoti, maana alitapika kama ilivyotabiriwa. Mimi nikajitia kutoa vitu kwenye begi, nikitoa kimoja na kukirudisha. Kisoda akaenda moja kwa moja kwenye mwimo wa mlango. Akavua soksi zilizotoboka. Akabandika mgongo, akalaza kiganja juu ya kichwa, akageuka taratibu bila kukiondoa kile kiganja.

Kilikuwa juu kidogo tu ya mstari wa chini kabisa, ule ambao mama yake aliuchora kwa kalamu ya bluu. Juu yake ilipanda mistari yangu ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kama vipandio vya ngazi.

Mama mdogo akaacha kukamua shati. Mlingoti akanitazama, akafunga mdomo, nilishamfundisha.

"Huu aliuchora mama," Kisoda akasema, kidole kikiwa kwenye ule wa bluu. "Na mimi niko hapa." Kidole kikapanda polepole, mstari kwa mstari, mpaka kikasimama kwenye ule wa mwisho, upana wa vidole vitatu juu ya kichwa chake.

"Sasa, baba, hii mingine yote ni ya nani?"