Bomba la Mwisho wa Filamu

Siku ya pili ya tamasha la filamu, dobi alifika ukumbini na ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, na matambara kwapani. Bawabu akamwambia ndoo haziruhusiwi. Dobi akamwonyesha bango lililokuwa mlangoni: mwanamke ameinama juu ya karai, na mwanamke huyo ni yeye. Bawabu akalitazama bango, akamtazama mwenyewe, akamwomba akae safu ya mbele asije akawaziba watu.

Filamu ilikuwa ya mtoto wa dada yake, kijana aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ilihusu mtaa wao usio na maji, na dobi anayevuka reli na ndoo kila siku ili afue nguo za watu. Yote yalikuwa kweli tupu, isipokuwa mwisho. Wafadhili walitaka matumaini. Basi kijana akakodi bomba, akalisimamisha mbele ya mlango wa mama yake mdogo, akaliunganisha na tangi lililofichwa nyuma ya ukuta, akampiga picha akilifungua na kucheka. Kicheko kilikuwa cha kweli, maana habari ya tangi hakuambiwa. Jioni mafundi waling'oa bomba wakaondoka nalo, wakamwacha na sabuni mkononi. Jambo hilo lilimuuma, na halikuacha kumuuma.

Basi jana yake, siku ya kwanza ya tamasha, bomba lilipofunguliwa pale kwenye skrini, maji yalitoka. Yalishuka jukwaani yakalowesha viatu vya majaji. Watazamaji waliinua miguu wakaendelea kutazama. Dobi aliyachota kwa kiganja akaonja. Yalikuwa matamu, hayana hata chembe ya chumvi, na ndiyo maana siku ya pili alikuja na ndoo. Siku ya tatu ulikuja mtaa mzima, na madumu.

Jaji mmoja alimkuta dobi amepiga magoti akikamua tambara.

"Mama," akamwambia kwa upole, "maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yanazoleka, baba. Inua mguu tu."

Ukafika wakati wa maswali. Mmoja aliuliza juu ya mwanga. Mwingine alitaka kujua yale maji ni ishara ya nini, na kijana akajibu kwamba hilo anamwachia mtazamaji. Dobi akanyoosha mkono, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwanangu, lile bomba utalirudisha lini?"

"Mama mdogo, hayo tutaongea nyumbani."

Ukumbi ukapiga makofi.

Filamu ilipata tuzo ya uhalisia, ikaalikwa nchi za mbali. Dobi alimwomba kijana aache nakala moja tu, shuka la kutundika ukutani atalitafuta mwenyewe. Mkataba haukuruhusu. Nyumbani hawakuongea, kwa sababu gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linasubiri. Alimwachia bango. Dobi alilibandika ukutani akatega ndoo chini yake, maana kujaribu si vibaya. Asubuhi ndoo ilikuwa kavu.

Baada ya muda kijana akapiga simu.

"Ukumbi ulijaa, mama mdogo. Na maji yanatoka kuliko hata huko nyumbani."

"Wanayafanyia nini?"

"Wametega pipa, watu wasilowe."

"Likijaa?"

"Wanamwaga nje."



"Kwani huko hakuna mwenye shida ya maji?"

"Huku mvua inanyesha kila siku."

Akamwambia basi avae soksi kavu, mafua yasije yakamlaza ugenini, na akamwombea heri kwa moyo wote, kwa sababu ni mwanawe. Kisha akachukua ndoo zake mbili, akavuka reli.