Gari la Baba Mkwe Laenda Kukaguliwa

Gari lile kinyozi alikuwa amelichoka. Baba mkwe wake ndiye aliyempa siku ya harusi, na mjini kote hakuna jingine la aina yake. Spea zake ndiyo usiseme. Magonjwa yake aliyajua yote: kutu imekula sakafu, breki ya mkono haishiki, na ukilizima likiwa moto haliwaki tena mpaka lisukumwe. Safari hii hakutengeneza kitu. Na lianguke ukaguzi, lipigwe marufuku barabarani, naye apumue!

Mkaguzi aliingia chini ya gari, akagonga sakafu kwa bisibisi.

"Aina hii huoza hapa," akasema. "Lakini hili lina bati jipya."

Kinyozi akageuka. Baba mkwe, aliyeliazima wiki iliyopita eti anakwenda hospitali, alikuwa ameketi kiti cha mbele akitazama pembeni, kana kwamba hayamhusu.

"Limepita, hongereni," mkaguzi akasema. Akavuta breki ya mkono, akazima injini, akaenda zake.



"Hilo la kuwaka limemshinda fundi, mwanangu," baba mkwe akasema huku akihamia kwenye usukani. "Nenda nyuma usukume."

Kinyozi akavua koti, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gari halikusogea hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, breki ya mkono ilikuwa imeshika.