Kichupa Kisipoe

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, wakati mbaya kuliko wote. Mtaalamu wa maabara, ambaye wenzake walimwita Darubini kwa miwani yake minene, alikichomoa kichupa cha damu kwenye maji ya vuguvugu akakibana kwapani.

"Jenereta je?"

"Fundi yuko njiani," mlinzi alijibu.

Njiani! Tangu juzi yuko njiani.

Damu ile ilikuwa ya binti wa miaka saba, na ndani yake mlikuwa na vimelea vya kike vya malaria. Vina ujanja wa kuudhi. Maagizo ya kutengeneza protini vinayo tayari, ila vinayazuia, kama mpishi aliyepima kila kitu asiwashe jiko. Vikishafyonzwa na mbu, vikahisi ubaridi wa tumbo lake, ndipo vinapoanza kupika, vizaane humo. Darubini alitaka kujua kama dawa yake ingelizima jiko hilo ndani ya mbu aliowafuga maabara. Damu ikipoa kichupani, vitapika kabla ya wakati, na kazi yote itakuwa bure. Nyingine haipatikani, maana mtoto alishatibiwa.

Mama wa binti alikuwa kwenye benchi la korido. Kaka mtu alikufa kwa malaria mwaka jana. Ndiyo maana mama alikubali damu itolewe, mara moja tu. Alimwona Darubini akihangaika na kiberiti mbele ya jiko la gesi, kiwiko kimegandamana na mbavu.

"Una nini, dada? Bega?"

"Damu ya mwanao. Isipoe."

"Nipe."

"Mama, utaratibu hauru..."

"Utawashaje kiberiti kwa mkono mmoja? Nipe, bwana!"

Akampa. Mama alikitia kwapani chini ya blauzi, akajikunyata. Darubini alipasha maji, akayapima joto, akayapima tena, akayamimina kuzunguka vikombe vya kulishia mbu, ili damu isipoe wakiinyonya. Dakika ishirini zilipita. Aliponyoosha mkono, mama hakukitoa.

"Kaka yake nilimbeba hivi hivi mpaka hospitali," alisema taratibu. "Nilimkumbatia njia nzima. Akapoa mikononi mwangu."

Darubini aliivua miwani iliyoingia ukungu, akaipangusa.

"Hiki bado kina joto, mama."

"Najua. Nakisikia."

Akasimama, mkono wake bado umekibana.

"Nionyeshe hao mbu wako walipo. Nitakupa tukifika."